Maandishi na Sauti: Simfoni za Gustav Mahler Mikononi mwa Waongozaji

Tangu zamani mtunzi wa mashairi ya Kiswahili alijua kwamba kazi yake haikomi kwenye karatasi. Aliandika beti zake, akahesabu mizani, akapanga vina. Lakini mahadhi hakuyaandika. Mahadhi yalikaa kinywani mwa mghani, na mghani alipofariki bila ya kumfundisha mwingine, yalizikwa pamoja naye. Kwa hiyo sisi tulioirithi sanaa hii twalifahamu vema swali ninalotaka kulizungumza katika makala haya. Kazi ya sanaa iliyoandikwa ni mali ya nani inapotolewa sauti? Je, ni ya mtunzi aliyeiandika, au ni ya yule anayeitamka mbele ya watu?

Swali hilo nitalitazama mahali ambapo pengine msomaji hakulitazamia, nalo ni katika simfoni za Gustav Mahler, mtunzi wa muziki wa Austria aliyefariki mwaka 1911. Nimekwenda mbali kwa makusudi. Mtu akaaye katika nyumba yake kila siku huzoea ufa wa ukuta hata asiuone. Akizuru nyumba ya mwenziwe na kuuona ufa kama ule, hurudi kwake akatazama upya. Tena Mahler anatufaa kwa sababu mbili. Ya kwanza, yeye mwenyewe alikuwa mtunzi na papo hapo alikuwa mmoja wa waongozaji mashuhuri wa zama zake. Ya pili, santuri zimehifadhi jinsi simfoni zake zilivyopigwa kwa muda wa karibu miaka mia moja, hata twaweza kuweka upigaji mmoja kando ya mwingine na kuhukumu kwa masikio yetu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Simfoni ni utungo mrefu wa muziki wa ala, unaogawanywa katika sehemu, aghalabu nne, na kupigwa na okestra, yaani kundi kubwa la wapiga fidla za kila ukubwa, filimbi, zumari, tarumbeta, kinubi na ngoma. Mbele yao husimama mtu mmoja asiyepiga ala yoyote. Kwa mikono yake huamua mwendo wa muziki, nguvu zake na vituo vyake. Mtu huyu nitamwita mwongozaji, maana neno kondakta kwetu limekwisha kuwa mali ya basi. Mtunzi huandika nota zote kitabuni, lakini si kila kitu chaandikika. Ataandika kwamba hapa papigwe polepole. Polepole kiasi gani, karatasi haisemi. Hapo ndipo penye mlango wa mwongozaji, naye huingia na tabia yake, elimu yake na mambo ya siku zake.

Mahler alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Kaliště, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, akakulia katika mji wa Jihlava. Baba yake aliuza pombe. Mjini palikuwa na kambi ya askari, na kijana yule alizoea kusikia tarumbeta za gwaride. Nyumbani walizaliwa watoto 14, na wengi wao walikufa wadogo. Basi utotoni mwake muziki wa askari na mazishi vilikuwa mambo ya kila siku, navyo vyote vimo katika simfoni zake. Katika Simfoni ya Kwanza, iliyopigwa Budapest mwaka 1889, aliuchukua wimbo wa watoto unaojulikana Ulaya nzima akaugeuza kuwa mwendo wa mazishi, unaoanzishwa na fidla moja kubwa ya besi peke yake. Wasikilizaji hawakujua wacheke au walie.

Kwa muda wa miaka kumi, tangu 1897 hadi 1907, alikuwa mkuu wa Opera ya Kifalme mjini Vienna. Ili akipate cheo hicho, yeye aliyezaliwa Myahudi aliingia kwanza katika dini ya Kikatoliki, mwaka ule ule wa 1897. Kazi ilimchukua majira yote ya mwaka ila kiangazi; simfoni zake alizitunga wakati wa likizo. Mimi niliyetunga mashairi yangu baada ya saa za ofisi sikosi kumwonea huruma kwa jambo hilo, na pia kumstahi.

Mtu huyu, kwa kuwa alikuwa mwongozaji, hakuwaamini waongozaji. Vitabu vya simfoni zake vimejaa maonyo ya kila namna: usiharakishe hapa, usikokote pale. Katika Simfoni ya Pili aliagiza kwamba baada ya sehemu ya kwanza wote wanyamaze kwa muda usiopungua dakika tano. Agizo hilo limeandikwa waziwazi, na bado waongozaji walio wengi hawalitimizi. Hofu yao ni kwamba watu ukumbini watachoka kungoja. Tazama basi: hata pale mtunzi aliposema kwa kipimo cha saa, hakutiiwa.

Lakini kabla hatujawalaumu wasiotii, na tumtazame Mahler mwenyewe alipokuwa mbele ya kazi ya mtu mwingine. Mwaka 1900 aliongoza mjini Vienna Simfoni ya Tisa ya Beethoven, akabadili na kuongeza mambo katika upangaji wa ala. Wahakiki walikasirika. Naye akatoa karatasi ya maelezo, akijitetea kwamba ala na kumbi zimebadilika tangu siku za Beethoven, na kwamba kuyashika maandishi kwa ukaidi kungeifisha nia ya mtunzi. Tena kazi zake mwenyewe hakuzikalia kimya. Simfoni ya Sita ilipopigwa mara ya kwanza mjini Essen mwaka 1906, alibadili mpangilio wa sehemu zake mbili za katikati. Na lile pigo la tatu la nyundo katika sehemu ya mwisho alilifuta. Kwa hiyo anayesema, "Mimi nafuata maandishi ya Mahler," hana budi kuulizwa ni maandishi yapi, ya mwaka gani.

Pengine msomaji atasema: mbona mambo ni rahisi, na tusikilize jinsi yeye mwenyewe alivyoongoza. Hatuwezi. Hakuna santuri hata moja ya Mahler akiiongoza okestra. Kilichobaki ni karatasi za kinanda zilizotobolewa kwa mashine mjini Leipzig mwezi Novemba 1905, ambamo alipiga mwenyewe vipande vinne vya kazi zake, kikiwamo mwanzo wa Simfoni ya Tano. Hiyo ni sauti ya kinanda kimoja tu.

Wapo waliomwona na kumsikia. Watatu kati yao waliishi hata wakaacha santuri: Willem Mengelberg wa Amsterdam, Bruno Walter aliyekuwa msaidizi wake Hamburg na Vienna, na Otto Klemperer, ambaye kijana alisaidiwa naye kupata kazi Prague. Wote watatu walidai, tena kwa haki, kwamba walimjua mwalimu. Lakini wasikilize. Mengelberg, katika Simfoni ya Nne iliyohifadhiwa tangu 1939, anauvuta mwendo na kuuachia kama mvuvi na mshipi wake. Nota za mwanzo kabisa anazirefusha hata unadhani muziki umesita kuingia. Walter hupiga kwa upole, kama mtu anayeimba. Klemperer hana upole. Katika Simfoni ya Saba aliyoinasa mwaka 1968 anatumia takriban dakika 100, ambapo wengi humaliza kwa takriban 80. Naye alikuwapo Prague mwaka 1908 Mahler alipoiongoza simfoni hiyo hiyo kwa mara ya kwanza. Wanafunzi watatu wa mwalimu mmoja, na kila mmoja na njia yake. Yatupasa kukubali kwamba kumjua mtunzi hakumfungi mtu katika sauti moja.

Na sasa niingie katika mfano ambao kwangu ndio kiini cha shauri hili. Simfoni ya Tano ina sehemu fupi, ya nne, iitwayo Adagietto, inayopigwa na fidla na kinubi tu. Tarumbeta na ngoma zote zimenyamaza. Mahler aliitunga karibu na wakati wa kumposa Alma, aliyemwoa mwezi Machi 1902. Katika kitabu chake cha nota Mengelberg aliandika kwa mkono wake kwamba muziki huu ulikuwa tamko la mapenzi: badala ya barua, Mahler alimpelekea Alma nota hizi, naye akafahamu. Mengelberg aliipiga Adagietto kwa santuri mwaka 1926, ikachukua takriban dakika saba. Walter mwaka 1938 alitumia chini kidogo ya nane. Katika santuri hizo fidla zinapumua kama mtu mwenye shauku, asiyeweza kukaa kitako.

Baadaye mambo yakageuka. Tarehe 8 Juni 1968, katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick mjini New York, Leonard Bernstein aliongoza Adagietto katika mazishi ya Robert Kennedy, aliyeuawa kwa risasi. Mwaka 1971 muziki huo huo ukatumika katika sinema ya Luchino Visconti juu ya mtu anayekufa Venice. Tangu hapo masikio ya dunia yaliusikia kama maombolezo, na waongozaji wengi wakafuata masikio ya dunia. Dakika saba zikawa kumi, zikawa kumi na moja. Bernard Haitink, mwongozaji mwenye heshima kubwa na mwenye kuogopa makuu, alipoinasa na okestra ya Berlin mwaka 1988 alikaribia dakika 14. Barua ya mchumba imekuwa mara mbili ya urefu wake, na aliyeandikiwa amekuwa maiti.

Nasema bila kuficha kwamba nauona mwendo huo kuwa ni kosa. Simlaumu Bernstein kwa siku ile ya mazishi. Watu waliofiwa walihitaji neno, na mtu akikosa neno lake huazima la mwenziwe. Lawama yangu ni kwa mazoea yaliyofuata, pale ambapo kilichofaa saa moja ya huzuni kilifanywa kanuni ya siku zote. Katika mwendo wa dakika 14 fidla haziwezi tena kuuvuta wimbo kwa pumzi moja. Kila nota yasimama peke yake, na sentensi yakatika. Tena sehemu inayofuata, ya mwisho, ni ya furaha tupu, nayo yachukua wimbo wa Adagietto yenyewe na kuupiga mbio kwa kicheko. Kama Adagietto ilikuwa mazishi, kicheko hicho kimetoka wapi? Maandishi yenyewe yanatoa ushahidi dhidi ya mazoea.

Hapa naomba ruhusa ya kusema jambo langu. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika sherehe ya shule moja ya sekondari. Mwanafunzi mmoja, binti mwenye sauti nzuri, alighani shairi nililolitunga kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Alilighani kwa mahadhi ya msiba. Nadhani aliyasikia mahali akayapenda, au hakufundishwa mengine. Nilikaa katika kiti changu cha wageni nikiona haya kana kwamba nimevuliwa kanzu. Kisha nikatazama pembeni yangu, nikamwona mama mmoja mtu mzima anafuta machozi. Baadaye aliniambia, "Mwanangu, umenikumbusha siku nilipomwoza binti yangu akaenda mbali." Sikuwa na la kujibu. Msiba alioupata binti yule katika beti zangu ulikuwamo. Mimi mwenyewe sikujua kwamba niliutia.

Nimekieleza kisa hiki ili msomaji asidhani kwamba namtetea mtunzi kwa kila hali. Mghani aweza kukuta katika shairi kitu ambacho mtunzi hakukiona. Lakini tofauti ipo, nayo ni kubwa, kati ya kukuta na kubandika. Harusini kuna kuagana, na kuagana kumo katika maneno ya shairi lolote la harusi. Binti yule alikikuta kilichokuwamo, ingawa alikizidisha. Mwongozaji anayeurefusha muziki kwa kuwa sinema imewazoesha watu hivyo hakukuta kitu, amebandika.

Upigaji wenye kuzidi yote niliyotaja kwa uzito wa mambo ni ule wa Simfoni ya Tisa, tarehe 16 Januari 1938, mjini Vienna. Mahler hakuwahi kuisikia simfoni hii. Ilipigwa mara ya kwanza mwaka 1912, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na aliyeiongoza ni Bruno Walter. Sasa Walter yule yule, mwenye umri wa miaka 61, alisimama tena mbele ya okestra ile ile ya Vienna, na mitambo ya kunasa sauti ikawekwa ukumbini. Ujerumani ilikuwa imekwisha kuupiga marufuku muziki wa Mahler kwa kuwa ni wa Myahudi, na Walter, Myahudi pia, alikuwa amefukuzwa huko tangu 1933. Kiongozi wa wapiga fidla alikuwa Arnold Rosé, mume wa dada yake Mahler, aliyekitumikia kiti hicho tangu 1881. Majuma manane hivi baadaye, tarehe 12 Machi, majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Walter hakurudi wakati ule. Wanamuziki wa Kiyahudi walifukuzwa katika okestra, na baadhi yao walifia kambini. Rosé alikimbilia London akafa huko mwaka 1946. Binti yake Alma, mpiga fidla, aliongoza okestra ya wanawake wafungwa katika kambi ya Auschwitz, naye alikufa humo mwaka 1944.

Santuri hiyo ina dosari nyingi. Watu wanakohoa. Mahali pengine wapigaji hawaendi pamoja. Lakini simfoni nzima inamalizika kwa takriban dakika 70, na sehemu ya kwanza ina haraka ya mtu anayefunga mizigo. Mwaka 1961, akiwa na miaka 84, Walter aliipiga tena California, katika utulivu wa chumba cha kunasia, na sauti ikatoka safi. Safari hii alitumia takriban dakika 81. Nota ni zile zile, mwongozaji ni yule yule, na tofauti ni dakika 11. Ya 1961 ni mzee anayekumbuka. Ya 1938 ni watu walio ndani ya jambo.

Mhakiki mwaminifu hana budi kujiuliza hapa kama hofu anayoisikia imo katika santuri au imo katika kichwa chake. Wale waliokohoa ukumbini hawakuijua tarehe ya 12 Machi. Sisi twaijua, na elimu hiyo twaipakaza juu ya kila nota. Nakiri kwamba siwezi kuyatenga mambo hayo mawili kabisa. Lakini dakika 70 si ndoto yangu, zimepimwa kwa saa. Wala haraka ile haikubandikwa, maana nota za sehemu ya kwanza zinaistahimili na kuidai. Kwa hiyo kama ningelazimishwa kuchagua santuri moja tu kati ya hizo mbili, ningeichukua ya 1938 pamoja na vikohozi vyake.

Lipo fundisho jingine gumu zaidi. Mengelberg, yule aliyetunza siri ya Adagietto, aliyeandaa Amsterdam mwaka 1920 tamasha la kupiga kazi zote za Mahler, aliendelea kuongoza okestra chini ya Wajerumani walipoitwaa Uholanzi mwaka 1940. Walimkataza kumpiga Mahler, naye akapiga muziki mwingine. Baada ya vita wananchi wenzake walimpiga marufuku kuongoza, akafa Uswisi mwaka 1951. Mtu huyu aliyatunza maandishi ya rafiki yake kwa uangalifu usio kifani, na alikaa mezani pamoja na waliotaka jina la rafiki huyo lifutwe. Santuri zake sizitupi. Zina elimu ambayo haipatikani kwingine. Lakini sitamfundisha kijana kwamba uaminifu kwa nota watosha kumfanya mtu kuwa mwaminifu.

Turudi basi kwenye swali letu. Kazi iliyoandikwa, kwa maoni yangu, ni amana. Mwenye kuipokea hana ruhusa ya kuifungia sandukuni, maana nota zisizopigwa hazimfai mtu; wala hana ruhusa ya kuiuza na kununua nyingine aipendayo. Kila anapoitoa mbele ya watu aulizwe mambo mawili: je, ulichokitoa kimo katika kazi yenyewe, na waweza kutuonyesha mahali kilipo? Walter wa 1938 na Walter wa 1961 wote wawili wanaweza kujibu. Mazoea hayawezi, kwa sababu mazoea hayajasoma.

Kwa walimu nina ombi moja. Katika madarasa yetu mashairi husomwa kama kumbukumbu za mkutano, mstari kwa mstari, hata kengele ikalia. Mwalimu na ajaribu hivi: achukue shairi moja, awape wanafunzi wawili, kila mmoja alighani kwa mahadhi na mwendo wake, mmoja upesi na mwingine polepole. Kisha darasa liamue, si nani mwenye sauti nzuri, bali ni maneno gani ya shairi yanamuunga mkono nani. Na pale wanafunzi watakapoona kwamba wote wawili wana ushahidi, mwalimu asiharakishe kuwapatanisha.